Kanzu Isiyokaa Chini

Vijana wangu, nawaona. Kila alfajiri mnapita mbele ya nyumba yangu hapa Ilala mkikimbia, na mimi niko barazani na kikombe cha chai ya tangawizi, nawahesabu. Jumatatu mko kumi na wawili. Jumatano mko kumi na wawili. Ikifika Jumapili mmebaki watano, watatu wanachechemea, na yule mrefu mwenye kaptula nyekundu anakimbia huku ameshika kiuno kama mama mjamzito. Mnanipungia mkono, "Shikamoo babu," naitikia marahaba, mnapita. Jumatatu jioni ndipo mnapoanza kuja mmoja mmoja kwa mlango wa uani. Babu, goti. Babu, shavu la mguu. Babu, bega limekataa kupanda.

Vidole vyangu vimestaafu. Nimechua mabondia, wachezaji mpira na mahamali kwa zaidi ya miaka arobaini, na sasa gumba langu la kulia linagoma hata kushika kijiko. Kwa hiyo badala ya kuwachua nimeamua kuwaandikia. Msome mkiwa mmekaa. Nasisitiza mkiwa mmekaa, maana habari yenyewe ni ya kukaa.

Kabla sijajua kumchua mtu nilikuwa hamali sokoni Kariakoo. Hiyo ni miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo na mimi bado nina nywele. Nilikuwa nimetoka Morogoro kwa kukorofishana na baba. Yeye alikuwa fundi seremala na alitaka nishike randa. Mimi nilitaka kushika ngumi. Siku naondoka hakunifukuza wala hakunizuia. Alisema tu, "Ukirudi hapa, urudi na kitu mkononi." Nikaja mjini, nikapanga chumba kwa Bi. Kidawa karibu na Msimbazi, nikawa nabeba magunia mchana na kujifunza ngumi jioni.

Mwalimu wetu wa ngumi alikuwa dobi. Msicheke. Mzee Ramji, Mhindu aliyezaliwa mjini hapahapa, alirithi kazi ya kufua kutoka kwa baba yake, na pamoja na pasi za mkaa akarithi mazoezi ya Kihindi ya kuchuchumaa na kuinuka mara mia bila kushika kitu. Mikono yake ilikuwa minene kama ya watu wawili waliochanga. Duka lake lilikuwa upande wa Gerezani na nyuma kulikuwa na ua uliojaa kamba za kuanikia. Huko ndiko tulikojifunza kukwepa, tukiinama na kuinuka katikati ya shuka za watu zilizolowa. Ukigusa shuka umepigwa ngumi. Ukiichafua unaifua upya. Katika mwaka wangu wa kwanza nilifua sana.

Mzee Ramji alikuwa na sheria nyingi, lakini moja ilituudhi kuliko zote: Jumapili ni marufuku kufanya mazoezi. Siyo kupunguza, ni marufuku. Kuna siku nilimuuliza kwa nini iwe Jumapili na si Ijumaa, sisi wengi wetu Waislamu. Alikuwa anapuliza mkaa wa pasi, hakuinua kichwa.

"Ijumaa sokoni mnafunga?"

"Hatufungi."

"Basi. Mimi Mhindu, wewe Mwislamu, mwenzako Yohana Mkristo. Mwili hauulizi. Unataka siku moja tu."

Sasa, kumwambia kijana mwenye nguvu apumzike ni rahisi, ila mji haukubali. Watu wakishajua una mabega, Jumapili yako ni mali ya ukoo mzima. Huyu anahama nyumba, yule pipa lake la maji liko mahali pabaya, mwingine gari la tajiri wake halitaki kuwaka. Mzee Ramji aliijua hiyo hali, na dawa yake sijaiona kwa mwalimu mwingine yeyote mpaka leo. Kila mwanafunzi alimkabidhi Mzee Ramji kanzu yake moja. Jumamosi jioni unaikuta imefuliwa, imetiwa buluu, imetiwa wanga mpaka inasimama yenyewe, imepigwa pasi mikunjo ikakaa kama imechorwa kwa rula. Jumapili unaivaa toka asubuhi. Hata Yohana, Mkristo wa watu, alivaa akaenda nayo kanisani. Na kabla ya magharibi wote tunajipanga mbele ya duka, Mzee Ramji anapita anatukagua.

Mnaona akili ya mtu yule? Hakuna shangazi atakayemwambia mtu aliyevaa kanzu nyeupe yenye wanga ashike mguu wa kabati. Ataona haya. Atamwambia, "Karibu ukae mwanangu," na ndilo jambo Mzee Ramji alilolitaka.

Na kumdanganya dobi kwa nguo ni kazi. Alikuwa anasoma kanzu zetu kama barua. Jumapili moja alimsimamisha mwenzetu mmoja, akashika upindo, akanusa.

"Hii grisi. Umesukuma gari kutoka wapi mpaka wapi?"

"Kutoka hapo kona mpaka Msimbazi, Mwalimu. Lakini ni mteremko."

"Mteremko wa kwenda. Na kurudi?"

Yohana naye aliwahi kukamatwa na utando wa buibui begani na chembe za vanishi kwenye kola. Shemeji yake alikuwa amehama. Adhabu ilikuwa moja: wiki hiyo hushiki glavu, unashika pasi.

Yohana huyu alikuwa kuli wa reli, mpole, uzito wake na wangu sawasawa. Tulipendana, lakini tulikuwa tunagombea nafasi moja. Ilikuja habari kwamba kutakuwa na ngumi Morogoro, na Mzee Ramji angempeleka mmoja tu wa uzito wetu. Angemchagua baada ya wiki nne.

Hapo ndipo nilipofanya upumbavu wa kwanza. Siku ileile, kabla mtu hajachaguliwa, nilimwandikia baba barua. Nikamwambia nakuja Morogoro kupigana, nakuja na treni ya Jumamosi fulani, na aje aone mwanawe amekuwa nani. Barua nikaitia posta kabla wino haujakauka. Baada ya hapo sikuwa na njia ya kurudi nyuma. Ama nichaguliwe, ama baba aje stesheni kumpokea mwongo.

Upumbavu wa pili ulikuwa wa hesabu. Nilikaa kitandani nikapiga mahesabu yangu: Yohana anafanya mazoezi siku sita. Mimi nikifanya saba, kila wiki namzidi siku moja. Baada ya wiki nne nimemzidi siku nne. Nilishangaa jinsi hesabu ilivyokuwa rahisi na jinsi mabondia wote wa mji huu walivyokuwa hawajaiona. Nawaona na ninyi mnatabasamu. Mnaipiga hesabu hiyohiyo kila Jumapili.

Kwa hiyo Jumapili asubuhi nikawa naitundika kanzu kwenye msumari chumbani, navaa kaptula kuukuu, natoroka kwenda bonde la Msimbazi. Enzi hizo mtu mzima hakimbii bila sababu. Wanawake waliokuwa wanamwagilia mchicha waliposikia vishindo waliacha ndoo, wakatazama nyuma yangu.

"Pole kaka. Nani anakufukuza?"

"Hakuna mtu, mama."

"Basi simama, ameshaacha."

Nilikimbia, nikaruka kamba ya mkonge, nikapiga hewa mpaka mikono ikawa mizito. Alasiri narudi naoga maji mengi, najipaka mafuta, navaa kanzu yangu mpyaaa, naenda kukaguliwa. Na Mzee Ramji akanisifu mbele ya wote. "Itazameni kanzu ya Shomari! Hata tone la mchuzi hakuna. Huyu ndiye mtu aliyepumzika." Wenzangu waliokuwa na madoa ya kahawa na maganda ya machungwa wakanichukia. Ikawa hivyo Jumapili ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Lakini wiki ya pili mwili ulianza visa. Kwanza chakula. Mimi, niliyekuwa namaliza ugali wa watu watatu, nikawa nautazama kama mgeni nisiyemjua. Pili usingizi: nimechoka hoi, nalala, macho yanang'aa kwenye dari. Tatu hasira. Siku moja Bi. Kidawa alipunguza chumvi kwenye mchuzi, nikatokwa na machozi. Mtu mzima, hamali, nalia juu ya bakuli. Bi. Kidawa aliniuliza kwa upole kama nimefiwa. Sokoni nikamwangushia mtu gunia la viazi mguuni, kisha nikamfokea kwa nini ana mguu.

Na ngumi? Yohana, ambaye Jumapili nzima alikuwa amelala jamvini anakula miwa, alinipiga tatu mimi bado natafuta ya kwanza imetokea wapi. Na mimi, kwa akili yangu ileile ya hesabu, nikaona dawa ni kuongeza mazoezi. Nikaanza na alfajiri pia.

Jumapili ya nne ndiyo ilikuwa ya kuchaguliwa. Nilisimama kwenye mstari nang'aa. Mzee Ramji akanifikia, akanitazama mbele kama kawaida. Nikangoja sifa. Hakusifu. Alinitazama macho, akanishika mkono, akaubonyeza kwa gumba hapa juu ya kiwiko. Nilijikaza nisilie.

"Geuka," akasema.

Nikageuka. Akamgeuza Yohana, akamgeuza na mwenzake, kisha akarudi kwangu.

"Hawa wote kanzu zao nyuma zimekunjika, matakoni kumekaa kama karatasi iliyofinywa. Wamekaa barazani, wamelala, wameinuka. Yako ina mikunjo ya pasi yangu mimi, ya jana jioni. Kanzu hii haijakaa chini, Shomari. Ilikuwa wapi?"

"Kwenye msumari, Mwalimu."

"Na wewe?"

Nikaanza kunyoosha upindo wa kanzu uliokuwa umenyooka tayari.

"Wiki tatu nimetazama mbele tu nikakusifu. Kosa langu. Lakini ngumi zako zimechoka na kanzu yako haijachoka. Mmoja kati yao ananidanganya."

Wenzangu hawakucheka. Afadhali wangecheka. Mzee Ramji akatangaza hapohapo kwamba Morogoro anakwenda Yohana.

Nilibaki watu walipoondoka. Nikamweleza habari ya barua, nikamweleza na ile kauli ya baba ya kitu mkononi. Sauti ilinikatika, na safari hii haikuwa kwa sababu ya chumvi. Nilikuwa naogopa. Kichwani nilimwona baba akizunguka mji mzima wa Morogoro anawaambia watu mwanawe anakuja kupigana. Mzee Ramji alinisikiliza huku anakunja shuka ya mtu. Akanipa ncha mbili nimsaidie.

"Ungeniambia siku ya kwanza," akasema. "Umewahi kuona nguo inayofuliwa kila siku bila kuanikwa? Unaisugua, unailoweka, unaisugua tena, jua haijaliona. Siku moja inakuchanikia mkononi. Kusugua ni nusu ya kazi. Nusu nyingine linafanya jua, mimi nimekaa."

"Sasa nifanye nini?"

"Utavaa kanzu wiki nzima. Halafu utakuja Morogoro. Utabeba ndoo."

Wiki ile sitaisahau. Siku saba ndani ya kanzu yenye wanga, nimekaa kwenye benchi la dobi, mtaa mzima unapita. Wengine walinipa pole wakidhani nimefiwa. Bibi mmoja aliniomba nimwombee dua mjukuu wake aliyekataa kunyonya. Lakini siku ya tatu nilikula ugali wote nikaomba mwingine. Siku ya nne nililala kuanzia isha mpaka kuku wakanikuta bado. Siku ya sita nilinyanyuka kwenye benchi nikahisi miguu ni yangu tena, nilikuwa nimesahau ilivyo. Na katika siku hizo Mzee Ramji alinifundisha kuchua, kwa mguu wa Yohana. Alinionyesha msuli uliochoka unavyojibu ukiubonyeza: mzima unarudi juu mara moja, uliochoka unabaki na shimo la gumba kidogo, kama unga uliokandwa. Kazi yangu ya maisha ilianzia hapo, kwa adhabu.

Niwape haya machache ya bure, maana najua mtaruka mpaka mwisho. Ukiamka asubuhi, kabla hujashuka kitandani, sikiliza moyo wako. Ukiwa unakwenda mbio na wewe umelala tu, leo si siku ya mazoezi. Ukiona umegombana na watu wawili kabla ya saa nne, mmoja anaweza kuwa na makosa, lakini wawili, kapumzike. Ukikikataa chakula ukipendacho, rudi ndani. Na siku ya kupumzika si siku ya kazi nyingine. Nilikuwa na golikipa mmoja, miaka mingi baadaye, nikampa Jumatatu apumzike. Akaja Jumanne hawezi kunyoosha mikono. "Nilipumzika babu, naapa." Kumbe alikwenda ukweni wakamtia katika shimo la choo, akachimba mpaka jioni, kwa heshima. Kutembea kidogo sawa. Choo cha mama mkwe siyo.

Basi tufike Morogoro. Yohana alishinda, nawaambia mapema msikae roho juu. Alishinda kwa pointi, akala wali wa kuku, akalala. Mimi nataka kuwaambia habari ya stesheni.

Treni ilichelewa sana. Katika barua yangu nilikuwa nimetaja siku, sikutaja saa, maana sikuijua. Tulishuka jua limeshapinda, Yohana mbele na glavu shingoni, Mzee Ramji nyuma yake, na mimi wa mwisho na ndoo, ndani yake taulo na chupa ya mafuta ya nazi. Nilikuwa nimeomba njia nzima baba asije. Nikamwona amesimama kando ya ukuta wa matofali, amevaa kanzu yake ya sikukuu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nilikuwa napita tu," akasema haraka. "Natafuta misumari."

Nilitazama huku na huku. Stesheni hapakuwa na duka la misumari wala la kitu kingine. Kisha baba akageuka kumsalimia Mzee Ramji, akanipa mgongo, na nikaona.

Kanzu yake nyuma ilikuwa imenyooka. Mikunjo ya pasi ilishuka kutoka mabegani mpaka kwenye upindo bila kukatika popote. Haikuwa imekaa chini hata mara moja tangu ilipovaliwa. Bega la kulia lilikuwa na doa jekundu la tofali, mahali alipoegemea, na upindo ulikuwa umeshika vumbi la pale pale stesheni, lote la rangi moja. Nilimtazama Mzee Ramji. Na yeye alikuwa anasoma ukurasa uleule.

"Tangu asubuhi," aliniambia kwa sauti ya chini.

Nikasema yote kwa mkupuo. "Baba, mimi sipigani. Niliandika kabla sijachaguliwa, na sikuchaguliwa. Nimekuja kubeba ndoo na kumchua huyu miguu."

Baba akaitazama ndoo. Akaitazama muda mrefu kama mbao anayotaka kuinunua.

"Nilikwambia ukirudi urudi na kitu mkononi," akasema. "Naona umerudi na ndoo."

Sikujua kama ananicheka au ananipokea. Nikatoa taulo na mafuta, nikaipindua ndoo, nikaipangusa kitako chake, nikaiweka miguuni kwake.

"Keti, baba."

"Mimi sijachoka. Si nimekwambia napita tu?"

"Najua. Keti."

Akaketi. Alikaa hapo mpaka treni ikaondoka, hakuulizia misumari tena, akaniuliza Dar es Salaam ninakula nini. Aliponyanyuka kanzu yake nyuma ilikuwa imefinyika ovyo, na Mzee Ramji, aliyeshinda maisha yake yote anapigana na mikunjo, aliitazama akaridhika.